Udongo wa Tekla

Katika soko la Iringa miaka ile ya hamsini, mwanamke mwenye mimba hakuwa na haja ya kuuliza Tekla anakaa wapi. Pua ilimpeleka. Aliwapita wauza maharage, akawapita wauza ulezi, mpaka akafika mahali palipokuwa na harufu ya mvua ya kwanza iliyochanganyika na moshi wa jikoni. Hapo alimkuta mama mfupi, mnene wa mikono, amekaa kwenye kigoda, na mbele yake ungo umejaa vijiti vya udongo mweupe. Alinunua, akavifunga kwenye pindo la kitenge, na kabla hajatoka sokoni alikuwa ameshatafuna kimoja.

Wanaume walicheka. Wanaume hucheka mambo mengi yasiyowapata. Lakini mke wa mwanamume huyo huyo aliyecheka akiamka na hamu, usiku huo nyumba haikulaliwa mpaka udongo wa Tekla umepatikana.

Siyo kwamba udongo ulikosekana kwingine. Hata kichuguu kina udongo. Wa Tekla ulikuwa na adabu yake. Chini ya Kihesa, kwao, kwenye ukingo wa kijito, mama yake alimwachia shimo kama wengine wanavyoachiwa shamba. Unachimba unapita udongo mweusi, unapita mizizi, unapita mchanga, mpaka unaukuta mshipa mweupe unaoteleza kama sabuni. Huo aliutwanga, akauchekecha, akaukanda kwa maji, akauviringisha, akauanika kivulini, kisha akaupandisha kwenye kichanja juu ya moto ukae ukinywa moshi. Kila mara alipoushusha aliuma kijiti kimoja mwenyewe. Akikuta hata chembe moja ya mchanga, wote aliurudisha kinuni.

Na udongo ule ulikuwa na kazi nyingine. Kiangazi maji ya kijito hupungua, yanakuwa na kutu, mekundu kiasi kwamba ukifulia shuka unajuta. Mama yake alimfundisha kutupa bonge la udongo mweupe ndani ya mtungi, kukoroga na kufunika. Kukicha, wekundu wote umezama chini pamoja na udongo, na maji ya juu yanaonyesha uso wako. Majirani walikuwa wakija kuomba bonge kama watu wanavyoombana moto.

"Kinachosafisha mtungi kitashindwa kusafisha tumbo?" Tekla aliwaambia wateja wake, nao waliona ni hoja.

Udongo ndio uliomlea binti yake, Lusia. Mumewe, Joachim, alikwenda kwenye migodi ya Sauzi, Afrika Kusini, wakati Lusia akiwa bado mgongoni, akaahidi kurudi na cherehani. Hakuja yeye wala cherehani. Tekla hakukaa kulia mlangoni. Alichukua jembe akaenda shimoni, na kwa shimo lile Lusia alivaa, akasoma kwa masista, akapata kipaimara akiwa na viatu miguuni. Hakuwa na mtoto mwingine. Lusia alikuwa ndiye wa kwanza na wa mwisho, na Tekla alimpenda kwa woga, kama mtu aliyebeba yai moja kwenye kapu kubwa.

Siku moja alikuja sokoni mkunga wa misheni, Apolonia, binti wa mtaa wa Mlandege aliyesomea kazi hiyo akarudi na gauni jeupe na saa kifuani. Alisimama mbele ya ungo wa Tekla, akawaambia akina mama kwa sauti ya darasani, "Mnakula uchafu. Humu mna mayai ya minyoo. Mtapata safura, damu iwaishe mwilini, mfe na mimba zenu."

Tekla hakuinuka hata kwenye kigoda chake. "Kamwene, binti yangu," alisema. "Kwanza watu husalimiana. Pili, udongo huu nimeuchimba chini kuliko kaburi. Ni mnyoo gani anayeishi huko, na anakula nini? Tatu, umekaa juu ya moto wiki nzima. Kama kuna mnyoo aliyetoka mzima humo, huyo nitamlipisha kodi." Kisha akakivunja kijiti, akakitia kinywani, akatafuna taratibu huku akimtazama.

Soko liliangua kicheko. Apolonia aliondoka macho chini, na toka siku hiyo hakusema tena habari za udongo. Hapo ndipo ninapomkasirikia huyu mkunga, ingawa nampenda. Alikuwa na ukweli mkononi, akautupa mbele za watu kwa dharau na kwa sababu isiyo yake, ile ya minyoo. Tekla aliivunja ile sababu, na ukweli ukaondoka nayo.

Lusia aliolewa na Asukile, Mnyakyusa wa Rungwe aliyeendesha lori la Mhindi mmoja wa Mbeya. Alikuwa kijana mpole, mrefu, mwenye kusema "ndaga", asante ya kwao, kwa kila kitu, hata akipewa maji. Wakakaa Mbeya. Tekla akawa anawapa madereva wenzake Asukile kifurushi cha udongo wampelekee binti yake, maana baridi ya Mbeya Lusia aliivumilia, lakini udongo wa huko alisema una ladha ya viazi. Aliposhika mimba, vifurushi vikaongezeka.

Na kadiri alivyokula ndivyo alivyozidi kuutaka. Asukile aliona mkewe anapumzika mara mbili njiani kutoka kisimani, midomo imefifia. Wazee wa kwao walitaka apelekwe kwa mganga. Yeye akakataa, akampeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa pale, alimvuta Lusia kope la chini, akatazama, akatikisa kichwa. Akampa kopo la vidonge. "Damu yako imepungua. Hivi ni vidonge vya chuma. Meza vyote." Hakumuuliza anakula nini, na Lusia hakusema. Nani anakwenda kumwambia dresa kwamba anakula udongo?

Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Miezi ilipokaribia, Asukile alimpandisha Lusia kwenye lori, akamfikisha Kihesa. Hakuingia ndani, maana mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Alisimama nje ya uzio, akaongea akiwa ameelekea barabarani.

"Mama, nimemleta. Dawa yake iko kwenye kikapu. Naomba ameze, mama. Tafadhali ameze yote."

"Atameza," Tekla alijibu kutoka ndani. "Nenda na amani, baba."

Ndipo akamtazama mwanawe. Viganja vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyetoka kusaga unga. Miguu ilivimba. Shingoni mshipa ulikuwa ukipiga hata akiwa amekaa tu. Mtoto alikuwa ameondoka na mashavu, akarudi na macho.

Sasa sikilizeni alivyofanya Tekla, na msimcheke, maana hapa hapana cha kuchekwa. Mimi mwenyewe nisingefanya vingine.

Vile vidonge nje vilikuwa vitamu kama pipi na ndani vilikuwa na ladha ya msumari wenye kutu. Lusia alipomeza cha kwanza alikitapika na uji wake. Akameza cha pili, tumbo likamkata. Cha tatu kilikaa, lakini kesho yake alitoka chooni akitetemeka. "Mama, nimetoa kitu cheusi kama mkaa. Hii dawa inaniunguza ndani." Kopo akalisukuma chini ya kitanda.

Tekla alikuwa katikati. Alimwahidi mkwe wake. Na alimwona mwanawe anavyohema. Wapo akina mama ambao wangelitupa lile kopo chooni na kusema mambo ya wazungu hayo. Tekla hakuwa mjinga wa namna hiyo. Aliiamini dawa, na aliuamini udongo, na alimpenda mwanawe kuliko vyote viwili. Wazo lilimjia akiwa anachekecha: dawa inamkataa tumboni, udongo unampokea. Basi dawa ipande mgongoni mwa udongo.

Akavitwanga vidonge vyote vilivyobaki mpaka vikawa vumbi. Akavikanda na udongo mweupe, ule wa chini kabisa aliokuwa akiuweka kwa ajili ya watu wake. Akaviringisha vijiti vidogo, vyembamba, vya kuliwa na mgonjwa. Akavipandisha kichanjani. Alipovishusha akauma kimoja kama kawaida yake, akatafuta ile ladha ya msumari ulimini. Haikuwapo hata kidogo.

"Lusia!" aliita kwa furaha. "Njoo uonje! Ukali wote umemezwa!"

Lusia akala. Hakutapika. Tumbo halikumkata, choo kikarudi rangi yake, na usiku akalala. Alikula kijiti asubuhi na kijiti jioni, tena kwa hamu, akimtania mama yake kwamba ameshinda madaktari wote, mpaka vikaisha. Tekla alikuwa akimtazama anavyotafuna, na furaha ikimjaa kifuani. Mama gani hafurahi mtoto mgonjwa akila?

Viganja tu ndivyo vilivyobaki vyeupe. Tekla alivigeuza kila asubuhi penye mwanga wa mlango. Akajisemea damu haiji kwa siku moja, hata mahindi yanangoja. Akamwongezea udongo.

Uchungu ulimshika Lusia alfajiri, na saa za mchana akajifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Apolonia aliitwa, akafanya kazi yake kwa mikono safi na kwa heshima, ya soko hakuyakumbusha. Damu ilitoka. Haikuwa nyingi, Apolonia alisema baadaye kwamba amewahi kuona wanawake wakitoa mara mbili ya ile, kisha wakaomba chai. Lakini mwenye debe tupu hana cha kumwaga. Lusia alisema, "Mama, nasikia baridi." Tekla akamfunika. Akasema tena, "Mama, nifunike basi." Alikuwa amefunikwa nguo zote za nyumba. Hakusema tena.

Apolonia alikaa chini sakafuni na gauni lake jeupe. "Vidonge vya damu hakumeza?" aliuliza.

"Alikula vyote," alisema Tekla.

"Basi sielewi, Mama Lusia. Kwa kweli sielewi."

Msiba ulijaa. Ilikuwa Oktoba, kijito kimebaki uzi, na maji yaliyoletwa kwa ajili ya waombolezaji yalikuwa mekundu kama ya matofali. Juliana, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliingia jikoni bila kuuliza, akachukua bonge la udongo, akalitupa mtungini, akakoroga, akafunika, kama kila mtu wa Kihesa alivyojua kufanya.

Kesho yake, baada ya kuzika, Tekla alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, Apolonia kando yake. Hakulia tena, machozi yalikuwa yameisha. Aliuliza swali ambalo lilikuwa likimsumbua, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea.

"Kile chuma cha vidonge ni chuma gani?"

"Ni chuma tu, mama. Hiki hiki cha jembe, ila kimetengenezwa kiweze kuliwa. Ndicho kinachoipa damu wekundu wake. Hata hii kutu iliyo kwenye maji yenu, ni hicho hicho."

Juliana alikuwa akifunua mtungi achote maji ya chai. Maji yalikuwa meupe, yanang'aa, unaona mpaka chini. Tekla aliinuka. Alimsogeza Juliana, akazamisha mkono hadi begani, akatoa konzi ya tope kutoka chini ya mtungi. Lilikuwa jekundu. Maji yalitiririka kwenye kiwiko chake safi kabisa, na chuma chote kilikuwa kiganjani, kimeshikwa na udongo wake.

Miaka yote alikuwa akiyaona haya kwa macho yake. Mama yake alimfundisha akiwa mtoto. Aliyatumia kuuzia udongo wake.

"Ulikimeza," alisema, akiliambia lile tope. "Ulikimeza chote, hukumwachia mwanangu hata kidogo." Akapiga kelele ambazo watu wa Kihesa walizisimulia muda mrefu, na Apolonia akamshika, na kwa kuwa naye alikuwa ameelewa, wakalia pamoja.

Asukile alifika siku iliyofuata na dada yake, Tusajigwe, aliyekuwa ananyonyesha na angeweza kumnyonyesha mtoto. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Alikaa nje ya uzio kwenye jiwe, kofia mkononi, ameelekea barabarani kama siku ile.

"Mama," alisema, "mimi ndiye niliyemuua. Kwetu walinikataza. Walisema dawa za zahanati zinakausha damu, mimi nikajifanya nimesoma. Nikamlazimisha. Nikakulazimisha na wewe. Njia nzima watu wananiambia ni vile vidonge."

Ndipo Tekla alipofanya jambo ambalo wanawake wa umri wake hawafanyi. Alitoka nje ya uzio, akaja akasimama mbele ya mkwe wake, akamtazama usoni.

"Baba, nisikilize. Vidonge vilikuwa vyema. Wewe ulifanya vyema. Mimi nilivitwanga nikavitia kwenye udongo, na udongo ukashika chuma chote. Mwanangu hakupata kitu. Ni mimi. Njoo uone mtungi."

Akamvuta mkono, akampeleka jikoni. Asukile aliinama juu ya mtungi akaona maji safi, na chini tope. Aliona alichokiona. Akapiga magoti, na machozi yakamdondoka, akaishika mikono ya mama mkwe wake.

"Ndaga fijo, mama," alisema. "Ndaga fijo. Umezika mwanao, bado unataka kunibebea na mzigo wangu. Mungu akulipe."

"Sikubebei! Nakwambia ukweli!"

"Najua, mama. Najua."

Kadiri Tekla alivyoapa, ndivyo Asukile alivyozidi kumwona mwema. Siku ya tatu Asukile aliondoka na mtoto kwenda Rungwe, akiamini kwamba yeye ndiye muuaji na kwamba mama mkwe wake ni mtakatifu. Sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomuumiza Tekla zaidi. Walipanda lori, Tusajigwe akampungia mkono, na Tekla akabaki barabarani mpaka vumbi likatulia.

Alirudi sokoni bila ungo wa udongo. Alikuwa na mafungu ya mboga. Kila mwenye mimba aliyepita alimwita. "Dada, usile ule udongo. Siyo minyoo. Udongo wenyewe ndio unaokula damu yako. Mimi nimezika." Apolonia alikuja kusimama naye, wakasema wote wawili. Safari hii mkunga alisalimia kwanza, akasema taratibu, bila dharau. Lakini soko lilikuwa limeshatunga la kwake. Lusia wa Tekla alikula udongo toka utotoni asipate neno. Amekwenda Mbeya, kapewa vidonge, kafa. Hata mtoto angeweza kupiga hesabu hiyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema, na umemgeuza mama wa watu akili. Na huyu mkunga anamtumia. Wanawake wakaanza kuiogopa zahanati. Wengine walipopewa vidonge walivitupa kwenye nyasi njiani.

Tekla akachukua jembe akaenda kufukia shimo. Alifukia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Juma lililofuata alikuta wamefukua pembeni yake, na mshipa mweupe ulikuwa ule ule.

Aliyefukua alikuwa Juliana. Hakuwa mtu mbaya Juliana, naye alikuwa na watoto wa kulisha. Alipanga ungo wake mahali pa Tekla pa zamani, na wawili hao wakakaa bega kwa bega kama walivyozoea, mmoja na mboga, mwingine na udongo, wakigawana hata kiazi cha mchana. Juliana hakuwa na ule uvumilivu wa kuchekecha, lakini biashara ilikwenda vizuri kuliko siku za Tekla. Alijua la kusema.

Siku moja alifika mwanamke kijana, mgeni, ameshuka kwenye basi la kutoka Ilula, tumbo limetangulia. Alihema baada ya kupanda kilima. Akanyoosha mkono juu ya ungo, na kiganja kilikuwa cheupe.

"Huu ni wa Tekla?" aliuliza. "Nimeambiwa nisinunue mwingine."

"Ni wa Tekla wenyewe," alisema Juliana.

Tekla aliinuka, mboga zikaanguka. "Tekla ni mimi. Udongo huu umemuua mwanangu. Rudisha, binti yangu. Nakuomba, rudisha."

Mgeni alimtazama, kisha akamtazama Juliana, na Juliana akatikisa kichwa polepole kwa huruma, kidole kwenye kipaji. Yule binti akaelewa. Alikuwa na malezi mema, hakucheka. "Pole sana, mama," alisema kwa upole, na kwa heshima akanunua fungu moja la mboga asilolihitaji. Akafunga udongo kwenye pindo la kitenge.

Hatua chache mbele aliuvunja. Ulilia kak, kama udongo mzuri unavyolia, na harufu ya mvua na moshi ikarudi hadi pale Tekla aliposimama. Tekla alikaza meno, lakini mate ya hamu yakamjaa kinywani.